Meza ya pool: chaki imejaa kwenye kitambaa, kuna mistari myeupe na soda iliyokaukia. Nisafishe vipi?

SufuKijani

Habari zenu wadau. Naomba msaada kwa wanaozijua meza. Ni meza ya pool ya futi 8, ya jiwe, yenye kitambaa cha kijani ambacho hakina lebo popote. Inachezewa karibu kila siku, na kwa miezi 8 haijasafishwa zaidi ya kupitishwa brashi juujuu.

Hali ilivyo: kuna wingu la chaki ya bluu pale mipira inapopangwa na kandokando ya kingo zote. Kuna mistari myembamba myeupe inayoanzia pale mpira mweupe unapowekwa wakati wa kufungua mchezo, na vidoa vidogo vyeupe eneo la kupangia. Karibu na shimo moja la katikati soda ilimwagika ikakaukia. Pamekuwa pagumu, na mpira ukipita hapo unapunguza mwendo ghafla. Tena mpira ukienda polepole huvutwa upande mmoja.

Nina brashi ya nguo yenye nywele ngumu za plastiki, mashine ya nyumbani ya kuvuta vumbi, sabuni ya unga na pasi. Nimeshauriwa nikoroge povu, nisugue kitambaa chote, kikikauka nipige pasi. Ni sawa? Na nianze na lipi?

FundiWaJiwe

Mkuu, usisugue, na hiyo sabuni ya unga iweke mbali kabisa na meza. Kitambaa cha meza nzuri ni sufu iliyochanganywa na nailoni, na sufu ni protini kama nywele zako. Sabuni nyingi za unga zina magadi, na baadhi zina vimeng'enya vilivyowekwa makusudi ili kula madoa ya protini. Vimeng'enya hivyo havijui kutofautisha doa na sufu. Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini ni mbaya zaidi, maana inaiyeyusha sufu kabisa. Na hata nyuzi zikisalimika, utalisuuzaje povu kwenye kitambaa kilichokazwa juu ya jiwe? Litabaki humo likinata, na vumbi la wiki ijayo litashikamana nalo.

Kabla ya chochote, jua una kitambaa cha aina gani, kwa sababu matunzo yanatofautiana. Pitisha kiganja kutoka upande wa kufungulia hadi upande wa kupangia mipira, halafu kirudishe. Ukihisi laini kwenda na mkwaruzo kurudi, kitambaa chako kina malaika, yaani vinyweleo vilivyolazwa upande mmoja, kama kile cha meza za snuka. Ukihisi sawasawa pande zote, basi ni kile cha uzi uliochanwa na kusokotwa kwa kukazwa, kisicho na malaika. Ukitaka uhakika, laza tochi juu ya meza mwanga upite chini chini: chenye malaika kinaonekana kama ngozi ya pichi, kisicho na malaika kinaonyesha misuko ya nyuzi wazi.

Sasa chaki. Chaki ya fimbo siyo ile ya ubaoni. William Spinks na William Hoskins wa Chicago walipata hataza yake mwaka 1897, na tangu hapo ni mchanganyiko wa silika na aluminiamu oksaidi, madini yaleyale yanayotumika kutengenezea msasa. Ndiyo maana inashika. Kwa hiyo lile wingu la bluu siyo suala la sura tu. Kila mpira unaopita juu yake unaisaga chaki ndani ya nyuzi, na nyuzi zinakatwa kidogo kidogo kutoka chini. Lengo lako ni kuitoa chaki bila kuizamisha zaidi, na hapo ndipo kusugua kwa mduara kunapoharibu: kunaisukuma ndani na kuzifumua nyuzi zikafanya vidonge juu ya kitambaa.

Utaratibu wenyewe ni huu. Toa mipira yote. Anza na mbao za pembeni kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kwa sababu ukizifuta mwisho vumbi lake litaangukia pale ulipokwisha kusafisha. Kisha chukua brashi ya meza yenye nywele laini, za farasi zikipatikana. Hiyo ya plastiki ngumu iache, inachomoa nyuzi. Piga mikupuo mifupi iliyonyooka, kutoka upande wa kufungulia kwenda upande wa kupangia, ukiinua brashi kila mwisho wa mkupuo. Usirudishe brashi nyuma ikiwa imegusa meza. Chini ya kingo tumia kona ya brashi kuvuta vumbi litoke nje, maana huko ndiko chaki nyingi inakojificha. Usilisukumie vumbi mashimoni: litakaa kwenye mifuko au kwenye njia ya mipira na kurudi mezani likiwa limepakwa kwenye mipira.

Brashi inalegeza tu, mashine ndiyo inayotoa. Tumia mdomo wa kusafishia makochi, usio na brashi inayozunguka. Ile inayozunguka ni ya mazulia na itakikwangua kitambaa. Punguza nguvu ya kuvuta. Kama mashine haina kipunguzi, fungua kile kitundu cha hewa kwenye mpini. Kitambaa kisiinuke kutoka kwenye jiwe hata kidogo. Kikiinuka, kinavutika na kulegea, na vumbi linapata njia ya kuingia chini yake. Malizia na mdomo mwembamba kwenye mfereji ulio chini ya kingo na kuzunguka midomo ya mashimo.

Kama kitambaa hakina malaika, unaruhusiwa hatua moja zaidi. Chukua kitambaa cha maikrofaiba cheupe, kichovye kwenye maji safi, kikamue kwa nguvu zako zote mpaka ukikikunja tena hakidondoshi tone. Futa kwa mistari iliyonyooka, mkupuo mmoja mmoja, ukigeuza upande safi kila mara na kubadilisha maji yanapogeuka bluu. Mizunguko miwili inatosha, ya tatu ikibidi. Kisha feni, na msicheze mpaka pakauke kabisa. Chaki yenye unyevu ikikandamizwa na mpira inageuka tope na kukaukia ndani. Kama kina malaika, hatua hii iruke. Maji yanasimamisha vinyweleo ovyo na mpira hautakwenda mnyoofu.

Kwa meza ya kila siku: brashi kila mwisho wa siku, mashine mara moja kwa wiki, unyevu mara moja kwa mwezi au chaki ikianza kuonekana. Miezi 8 ni mingi, kwa hiyo usitegemee yote itoke siku moja. Rudia baada ya siku chache, ile iliyokuwa chini inapanda juu.

KazaNguo

Naunga mkono. Niongezee kwenye soda, kwa sababu hapo brashi na mashine havitasaidia kitu. Kilichokauka ni sukari, na sukari haitoki ila kwa maji. Kinachotisha ni maji yakifika chini. Jiwe lenyewe halidhuriki, lakini meza nyingi zina fremu ya mbao iliyobandikwa chini ya jiwe, na kitambaa kimepigwa pini kwenye mbao hiyo. Ikilowa inavimba, pini zinaota kutu, na kutu inapanda kwenye kitambaa. Kama meza siyo ya jiwe bali ni ya mbao za unga uliogandamizwa, maji kidogo tu yanafanya uvimbe usiorudi chini tena.

Vuta vumbi kwanza, ili usitengeneze tope la chaki. Chukua maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto kwa sababu sufu hujikunja kwa joto na unyevu. Lowesha kitambaa cheupe, kikamue kiasi, kigandamize juu ya doa kwa sekunde 20 hivi, inua. Kisha gandamiza taulo jeupe kavu linyonye. Rudia hivyo hivyo, unyevu halafu ukavu, ukianzia ukingo wa doa kwenda katikati. Ukianzia katikati doa linatanuka na kuacha duara. Usifute, gandamiza tu. Doa la miezi litataka mara 10 au zaidi, na utaona lile taulo kavu likichukua rangi ya soda. Likiacha kuchukua rangi na mahali pakilainika kwa kidole, acha.

Soda ya rangi ikibaki na kivuli, changanya siki nyeupe sehemu 1 na maji sehemu 3, ujaribu kwanza pembeni karibu na shimo uone kama rangi ya kijani inatoka kwenye pamba. Sufu huvumilia asidi hafifu kuliko magadi, ndiyo maana siki inafaa na baking soda haifai. Malizia kwa kugandamiza maji matupu ili siki isibaki.

Mwisho kunja taulo kavu mara nne, liweke juu ya sehemu hiyo, bebesha kitu kizito kwa dakika 10. Usitumie gazeti wala taulo la rangi, wino unahama. Kisha feni usiku mzima. Usitumie mashine ya kukaushia nywele ikiwa na joto. Kitambaa kilicholowa kinaweza kuvimba na kuonekana kimelegea. Usikivute wala usiongeze pini, subiri kikauke, mara nyingi kinarudi chenyewe.

Kwa vingine kwa ufupi: damu, maji baridi tu. Mafuta, nyunyiza unga wa mahindi laini, acha nusu saa, kisha vuta kwa mashine. Bigijii, weka barafu ndani ya mfuko wa plastiki juu yake mpaka iwe ngumu, halafu ibanduke kwa ukucha na siyo kwa kisu.

MpangaMipira

Kwenye mistari myeupe nasikitika kukwambia ukweli: hiyo siyo uchafu, ni kuungua. Mpira mweupe ukipigwa kwa nguvu hautembei kwa kubingirika tangu mwanzo, unateleza kwanza, na msuguano unatoa joto la kutosha kuunguza ncha za nyuzi. Vidoa vya eneo la kupangia vinatokana na mipira inayogandamizwa kwenye kitambaa wakati wa pigo la kufungua. Jaribio ni rahisi. Baada ya kusafisha na kukausha kama alivyoelekeza fundi, kilichotoka kilikuwa chaki, na kilichobaki palepale na umbo lilelile ni kuungua. Hakuna dawa ya kukirudisha, na anayekuuzia dawa anakuuzia rangi.

Unachoweza ni kuzuia visiongezeke. Msifungue mchezo kutoka sehemu moja kila siku, mpira mweupe uhame kushoto na kulia ndani ya eneo linaloruhusiwa. Bandika kiduara kidogo chembamba cha kitambaa pale unapowekwa mara nyingi, ili kiungue chenyewe badala ya kitambaa cha meza. Wakati wa kupanga, msigonge mipira kutoka juu ili ikae. Kila kugonga kunachimba kishimo, na baada ya muda mipira inakaa kwenye vishimo vya wengine na haigusani vizuri. Karatasi nyembamba ya plastiki yenye matundu ya kupangia inaondoa haja ya kugonga kabisa.

Na jambo linalosahaulika sana ni mipira yenyewe. Mtu anasafisha kitambaa saa mbili kisha anarudisha mipira iliyojaa chaki na mafuta ya mikono. Ioshe siku hiyohiyo kwa maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni laini ya maji ya kuoshea vyombo, isuuze, ikaushe kwa maikrofaiba. Usipake nta. Nta inaufanya mpira uteleze zaidi kabla ya kushika mwendo, na hiyo inaongeza mistari ileile unayoichukia. Mipira iliyokwaruzika nayo iondoe, mkwaruzo mmoja ni kisu kinachozunguka meza nzima.

SufuKijani

Asanteni sana wakuu. Nimefanya jaribio la kiganja na la tochi: hakina malaika, misuko inaonekana. Brashi laini nimepata, wingu la bluu limepungua karibu lote, na pale kwenye soda pamelainika baada ya kugandamiza kama mara 15. Mistari imebaki, nimeelewa.

Maswali mawili. Kwanza, pasi: nipige au nisipige? Pili, mpira bado unavutwa pembeni ukienda polepole, hasa kwenye nusu ya upande wa kupangia.

PasiMoto

Usipige. Pasi ni kwa kitambaa chenye malaika tu, kazi yake ni kuvilaza vinyweleo upande mmoja ili mpira uende mnyoofu. Chako hakina cha kulaza. Utapata mng'ao usio sawa, na joto likizidi nailoni italainika na kukakamaa.

Kwa watakaosoma hapa wakiwa na meza ya snuka: brashi na mashine kwanza bila kukosa, kwa sababu pasi inaisaga chaki ndani. Pasi isiwe na mvuke. Ijaribu juu ya karatasi ya gazeti, na ikibadilika rangi hata kidogo, imezidi moto. Pitisha kwa mistari mirefu iliyonyooka, kutoka upande wa kuanzia mchezo kwenda upande wa mpira mweusi, bila kurudisha nyuma na bila kusimama. Usisimame hasa juu ya viungo vya jiwe: mara nyingi vimezibwa kwa nta ya nyuki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi. Ikiyeyuka inapanda kwenye kitambaa na kuacha doa la mstari, na chini yake panabaki mfereji. Kingo usiziguse kabisa kwa pasi, raba iliyo ndani yake haihitaji joto.

FundiWaJiwe

Kuhusu kuvutwa: kitambaa kisicho na malaika hakivuti mpira upande mmoja kwa tabia yake, kwa hiyo tafuta sababu kwingine. Chagua mstari ulionyooka kwenye ile nusu yenye shida. Sukuma mpira safi polepole sana kwenda, kisha usukume kwenye mstari uleule kurudi. Ukielekea ukingo uleule safari zote mbili, meza imelala upande huo na kazi ni ya miguu na pima maji, siyo ya kitambaa. Rudia na mpira mwingine kabla ya kuhukumu. Wakati mwingine mbovu ni mpira.

Ukipinda mahali pamoja tu, pitisha kiganja hapo ukiwa umefumba macho. Punje utakayohisi ni chaki au mchanga uliopenya chini, na mstari mrefu unaokatiza meza ni kiungo cha jiwe ambacho nta yake imeinuka au imezama. Vyote viwili vinatibiwa chini ya kitambaa, yaani kitambaa kifunguliwe. Usiipige punje kwa nyundo wala kuisaga kwa kijiko, itatoboa.

Halafu pima mkazo. Weka kiganja katikati ya meza, gandamiza na kusukuma mbele taratibu. Kitambaa kikijikunja na kufanya wimbi mbele ya mkono, kimelegea, na kilicholegea kinapunguza mwendo, kinachakaa haraka na kupasuka kirahisi. Kikazwe upya kabla hakijachakaa zaidi.

SufuKijani

Nimejaribu na mipira mitatu, unaelekea ukingo uleule kwenda na kurudi. Kumbe ni meza imelala. Wimbi halipo, mkazo ni mzuri. Je, kuna kipi cha kuzuia ili nisirudi hapa baada ya miezi 8?

KazaNguo

Chaki ipakwe nje ya meza. Mchezaji arudi hatua moja nyuma, apitishe chaki juu ya ncha kama anayepaka rangi, siyo kuizungusha na kuichimba. Ikiwekwa pembeni mwa meza, uso wake utazame juu. Tumieni chaki ya kijani inayolingana na kitambaa. Haitapunguza mchubuko, lakini madoa hayatakuwa na sura mbaya kabla ya siku ya mashine. Poda ya mikono ipigeni marufuku, glavu inafanya kazi hiyohiyo bila kuacha alama nyeupe.

Ncha za fimbo zikaguliwe kila wiki. Ngozi ikiisha, kile kipete kigumu kilicho chini yake ndicho kinachopasua kitambaa, hasa kwenye mapigo ya kuinua mkia wa fimbo. Ikitokea mpasuko mdogo, usimwage gundi juu. Gundi inakauka kama kokoto na kila mpira utaruka hapo. Ziba kwa kipande chembamba cha kubandika kutoka chini kama kitambaa kinaweza kuinuliwa, au acha mpaka siku ya kubadilisha.

Funikeni meza usiku kwa turubai lake, linazuia vumbi na jua linalofifisha rangi. Ila isifunikwe ikiwa na unyevu, itapata ukungu. Na isifunikwe wiki nyingi bila kufunguliwa, nondo wa nguo hupenda giza tulivu na viluwiluwi vyao hula sufu, wakianzia chini ya kingo ambako brashi haifiki. Hata kama hamchezi, pitisheni ule mdomo mwembamba wa mashine huko mara moja kwa mwezi.